Kabla ya kumwuliza mtu habari za mateso yake: mwongozo kwa mtafiti wa Uganda

Mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya habari katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, nilikaa na mama mmoja kutoka Kivu Kaskazini mbele ya nyumba yake ya turubai. Alinisimulia jinsi mumewe alivyouawa na jinsi yeye mwenyewe alivyoshikwa njiani. Alisimulia bila kukwama. Kila alipofika mwisho wa sentensi alinyamaza kidogo, akautazama mkono wangu, kisha akaendelea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anaingojea kalamu. Mimi nilikuwa mtu wa tisa kumwuliza maswali yale yale, na kwa wale wanane alikuwa ameshajifunza mwendo wa watu wanaoandika.

Tangu siku ile nimeamini kwamba madhara mengi ya kazi yetu hayatokani na watafiti wabaya. Yanatokana na maswali ambayo hayakuhitajika. Mwongozo huu nauandika kwa mwanafunzi wa shahada, kwa mtafiti msaidizi na kwa mkalimani anayekwenda Nakivale, Kyangwali, Gulu au Luwero kuwauliza watu habari za vita, mateso na haki zao. Nimezipanga hatua kwa utaratibu wa kazi yenyewe, lakini utajikuta unarudi nyuma mara nyingi.

Hatua ya 1: Futa maswali

Chukua orodha yako ya maswali. Pembeni ya kila swali andika jibu lake litaingia sura ipi, aya ipi, na litabadilisha nini katika hoja yako. Swali lisilo na mahali, lifute. Usiliache kwa kudhani kwamba huenda litafaa baadaye. Mtu atafungua kidonda kwa ajili ya hiyo "huenda" yako.

Kisha jiulize kama jibu limeshaandikwa. Tuchukue mfano wa Lukodi, karibu na Gulu, kijiji kilichoshambuliwa tarehe 19 Mei 2004 na LRA, kundi la waasi la Joseph Kony. Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai dhidi ya Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, iliyosomwa tarehe 4 Februari 2021, ina zaidi ya kurasa elfu moja, na ndani yake mashambulizi ya Pajule, Odek, Lukodi na Abok yameelezwa nyumba kwa nyumba. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere imekuwa ikikusanya habari za vita na ukimbizi tangu mwaka 1999, na mjini Kitgum kuna kituo cha kumbukumbu za vita kilichojengwa kwa kazi hiyo. Ikiwa utafiti wako unahusu jinsi watu wa Lukodi wanavyogawana ardhi leo, au wanavyowakumbuka marehemu wao kila mwaka, huna haja ya kumwomba mzee wa miaka sabini akusimulie tena usiku ule. Soma kwanza. Kisha nenda ukamwulize lile ambalo halijaandikwa.

Hapa ndipo mgongano wa kwanza unapotokea, kwa sababu chuo kinapenda ushuhuda. Msimamizi wangu wa kwanza aliandika pembeni mwa rasimu yangu maneno mawili: "Ongeza ushuhuda." Nikarudi kwa akina mama wawili niliokuwa nimeshaagana nao, nikawauliza upya mambo ambayo mara ya kwanza walikuwa wameyapita haraka kwa makusudi. Jirani wa mmoja wao alinipigia simu baadaye kuniambia kwamba mama yule hakulala wiki nzima. Katika kazi iliyochapwa, ushuhuda ule ulichukua mistari minne. Ningekuwa na akili niliyo nayo sasa, ningemjibu msimamizi kwa barua ya heshima kwamba hoja inasimama bila mistari hiyo, na kwamba kamati ya maadili haikuniruhusu kuwarudia watu kwa maswali mapya. Hoja hii ya pili msimamizi huwa anaisikia.

Hatua ya 2: Vibali, na namna ya kuvitaja

Njia inajulikana. Pendekezo lako linapita kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa. Makerere, Mbarara, Gulu na hospitali ya Lacor wanazo. Likishakubaliwa unajisajili kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kupitia mfumo wao wa intaneti. Kwa makazi ya wakimbizi unahitaji pia barua ya Idara ya Wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM, ambayo utampelekea kamanda wa makazi. Nje ya makazi utapita kwa RDC, mwakilishi wa rais katika wilaya, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Jipe miezi, usijipe wiki.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kuliona kwenye mafunzo yoyote. Kamati ya maadili hapa kwetu huitwa REC. Kamati ya serikali inayoamua nani anapewa hadhi ya ukimbizi nayo huitwa REC. Mkimbizi anaijua hiyo ya pili, na anaiogopa, kwa sababu imeshika maisha yake. Ukimwambia kwa furaha kwamba "utafiti wangu umepitishwa na REC", yeye anasikia kwamba umetumwa na watu wanaoweza kumkatalia karatasi. Nimemwona mzee akikaa wima ghafla kwa neno hilo moja, na kuanzia hapo kila jibu likawa kama la mbele ya maafisa. Sema "kamati ya chuo inayolinda watu wanaoulizwa maswali". Neno REC libaki kwenye barua zako.

Kibali nacho kisikuleweshe. Kamati imeipima karatasi yako huko Kampala. Haijauona uso wa mtu utakayeketi naye.

Hatua ya 3: Fikiria lugha, hasa kama lugha yako ni Kiswahili

Kwa Mkongomani wa Nakivale, Kyaka II au Rwamwanja, Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya kanisa na ya soko. Ukimsalimia kwa Kiswahili bega linashuka. Lakini Uganda ina historia nyingine ya lugha hii, na sisi tunaoipenda tunapaswa kuibeba historia hiyo bila kuikana. Chini ya Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, na baadaye chini ya utawala wa pili wa Obote, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Operesheni za kuwazoa watu mitaani Kampala miaka ya themanini mwanzoni zilipewa na wananchi jina la Kiswahili: panda gari. Ndiyo amri waliyoisikia kabla ya ndugu yao kutoweka. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na watoto wanafundishwa shuleni, lakini mwanamke aliyepoteza wanawe Luwero katika vita vya 1981 hadi 1986 hakuondoa sikio lake la zamani kwa sababu katiba imebadilika.

Kwa hiyo Luwero tumia Kiluganda, na Gulu Kiacholi. Usianze hata salamu kwa Kiswahili mpaka umejua unaongea na nani. Kama huijui lugha ya hapo, tafuta mkalimani, na kumchagua ni kazi yenyewe. Huko Kyangwali wanaishi Wahema na Walendu waliokimbia Ituri, jimbo la Kongo, wengine wakikimbiana wao kwa wao. Mkalimani akifungua mdomo tu, mhojiwa ameshajua anatoka upande gani. Usiamue peke yako kwamba "huyu ni kijana mzuri, hana ubaguzi". Mwulize mhojiwa faraghani, kabla ya siku ya mahojiano, angependa nani akae katikati yenu: mwanamume au mwanamke, mtu wa kabila lake au mgeni kabisa. Wengi huchagua mgeni kabisa, kwa sababu mtu wa karibu ana mdomo wa karibu.

Halafu kuna maneno yenyewe. Mama anaweza kusema "walinishika kwa nguvu", au "walinitendea mabaya". Mkalimani mwenye haraka atatafsiri "alikamatwa", na jambo limepotea. Mwingine, mwenye bidii kupita kiasi, atasema "alibakwa". Yule mama hakusema hivyo. Alilijua neno, akaliepuka, na kuepuka kwake ni sehemu ya alichokuambia. Andika neno lake kama lilivyotoka, uliweke hivyo hivyo kwenye nakala, na maelezo yako uyaandike pembeni kama yako.

Usidhani pia kwamba jambo hili ni la wanawake peke yao. Wapo wanaume walionusurika, na Refugee Law Project imefanya kazi nao kwa miaka mingi. Sheria ya adhabu ya Uganda inapoeleza ubakaji inamtaja mwanamke au msichana tu, kwa hiyo mwanamume anayekuambia jambo hili hana hata jina la kisheria la alichotendewa, na anaogopa kugeuziwa kibao akaitwa mkosaji. Akikuambia, usishangae usoni. Usimwulize mara mbili kama ana hakika.

Hatua ya 4: Ridhaa ambayo ni ridhaa kweli

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu ndio ugumu wote wa ridhaa katika makazi ya wakimbizi. Umekuja na gari au bodaboda, na daftari, na kitambulisho shingoni. Mtu amekaa miaka kumi na miwili akingojea jina lake litoke kwenye orodha ya wanaohamishiwa Marekani au Kanada. Hata ukisema mara tatu kwamba wewe ni mwanafunzi tu, moyo wake unasema: hawa hawaongei wazi, lakini nikieleza vizuri, huenda.

Kaskazini tumaini hilo lina sura nyingine. Februari 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa wahanga wa makosa ya Ongwen, wanaokadiriwa kukaribia elfu hamsini, pamoja na malipo ya ishara ya euro 750 kwa kila mmoja. Ukifika Odek leo na fomu zenye nafasi ya jina na umri, watu wataona mwandikaji wa orodha ya fidia, na atakayekataa kuzungumza nawe atajiona amejinyima haki yake.

Usiulize "umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu. Uliza hivi: "Mama, nikiondoka hapa leo, hii karatasi itakwenda wapi? Nani ataisoma?" Akijibu UNHCR, au Amerika, au mahakama, huna ridhaa. Rudi mwanzo, eleza kwa maneno mengine, uulize tena. Kama jibu ni lile lile mara ya tatu, mshukuru na usimhoji. Najua inauma kumpoteza mhojiwa mzuri. Lakini ukiendelea, unachukua kitu kwa malipo ambayo unajua hayatakuja.

Kuhusu saini: fikiria kidole kinamaanisha nini pale. Tangu usajili wa mwaka 2018, alama za vidole ndizo zinazomtambulisha mkimbizi anapopokea chakula. Ukimwekea wino na karatasi, mwili wake unaelewa mgao. Iombe kamati yako ikuruhusu kuchukua ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, mbele ya shahidi ambaye mhojiwa amemkubali, na ueleze sababu hii kwenye pendekezo. Nimeona kamati ikikubali bila shida ilipoelezwa vizuri.

Ridhaa ya mwenyekiti si ridhaa ya mtu. Mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi atakuletea watu aliowachagua, na wengi wao hawakuona nafasi ya kumkatalia. Mpe heshima yake, kaa naye, mweleze kazi, kisha umwombe akuruhusu kuzunguka mwenyewe. Tembelea nyumba nyingi, hata zile ambazo huna swali nazo, ili isijulikane ni ipi uliyokaa ndani kwa saa mbili.

Hatua ya 5: Sema mapema usichoweza kukitunza

Chuo cha Boston, Marekani, kilirekodi wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini kwa ahadi kwamba sauti zao hazitafunguliwa mpaka wafe. Mwaka 2011 polisi walizitaka kupitia mahakama za Marekani, na baadhi zilitolewa. Watafiti waliahidi kwa nia njema jambo ambalo sheria haikuwapa uwezo wa kulitimiza. Sisi tuna mahakama zetu. Thomas Kwoyelo, kamanda wa LRA aliyeomba msamaha chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 na kunyimwa, alihukumiwa na mahakama yetu wenyewe mwaka 2024 kifungo cha miaka 40. Wale waliotekwa wakiwa watoto na kurudi wakiwa na hati za msamaha wanaifuatilia habari hiyo kuliko wewe.

Basi kabla ya kuwasha kinasa sauti, sema wazi, kwa utulivu: "Usinitajie jina la mtu yeyote aliyeua, wala tarehe, wala kijiji, hata kama ni wewe mwenyewe. Silihitaji. Mahakama ikiniamuru nitoe nilicho nacho, huenda nikashindwa kukataa." Akianza kutaja, mkatishe kwa upole na ufute kipande hicho mbele yake. Ongwen mwenyewe alitekwa akiwa mtoto. Katika kaskazini aliyetenda na aliyetendewa mara nyingi ni mtu mmoja, na mtafiti anayetafuta kuwapanga watu katika makundi mawili safi atamlazimisha mtu ajihukumu mbele ya kalamu.

Jambo la mtoto ni tofauti, na lazima liwekwe wazi tangu mwanzo. Sheria ya Watoto, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inataka unyanyasaji wa mtoto uripotiwe. Mwambie mtu mapema kwamba akikueleza kuna mtoto anayeumizwa sasa hivi, hutanyamaza. Baadhi watachagua kutokuambia. Hilo ni jibu gumu na mimi halijawahi kunipa usingizi mzuri, lakini kumwacha mtu aseme huku ukificha utakachofanya ni usaliti.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Jiulize wewe ungekaa wapi kama ungekuwa yeye. Kiti chake kitazame mlango. Mtoto wa miaka saba asiwe anacheza karibu. Anasikia kila kitu, na huenda hajui baba yake alikufaje. Panga mapema nani atamwangalia.

Anza na leo: mihogo, shule, mvua, bei ya mafuta. Maliza na leo. Kati yake ndipo mnaweza kwenda kule. Usifunge daftari mtu akiwa bado yuko kwenye usiku wa tukio, hata kama gari linapiga honi. Mimi huacha dakika arobaini za mwisho bila swali lolote la maana, tukinywa chai, na dakika hizo nimezipigania na madereva wengi.

Machozi yakija, weka kalamu chini na uzime rekoda. "Pole" ni neno zuri, liseme, kisha unyamaze. Wageni wengi hulisema na kurukia swali linalofuata, likawa kama kugonga mhuri. Baadaye kidogo uliza: "Tupumzike, tuache, au tuendelee?" Mpe njia tatu kweli. Ukimwuliza tu kama mnaweza kuendelea, ameshajua unataka nini.

Awe na mahali pa kwenda baada yako. Wiki moja kabla, piga simu mwenyewe kwa kila kituo cha afya na kila mshauri aliye kwenye orodha yako. Miradi hufungwa, mshauri huhamishwa, namba hubaki kwenye karatasi. Kumpa mtu aliyetoka kulia namba isiyopokelewa ni mbaya kuliko kutompa chochote. Kwa mambo ya watoto, simu ya bure ya Sauti ni 116.

Watu wawili kwa siku, wasizidi. Ukifika kwa wa nne sikio lako limekufa, naye ataliona.

Hatua ya 7: Pesa, na mtoto mwenye homa

Nauli na fidia ya muda iwe kwenye bajeti iliyopitishwa, iwe sawa kwa wote, na itolewe mwanzoni. Ukiitoa mwishoni, mtu atamaliza hadithi isiyomalizika ili aipate. Kumbuka mgao wa chakula umepunguzwa katika makazi mengi miaka hii. Shilingi elfu ishirini ambazo kwako ni chakula cha mchana Kampala, pale ni wiki. Usiongeze kiasi ili upate watu haraka. Usipunguze pia kwa kisingizio kwamba unaogopa kuwashawishi. Mtu aliyeacha shamba lake kwa saa tatu amefanya kazi.

Sasa swali ambalo kila mwanafunzi huniuliza. Umekaa na mama, na kwenye mkeka kuna mtoto anayewaka homa, hakuna hela ya kumfikisha kituoni. Je, utafiti wako utaharibika ukimsaidia?

Uganda imelijua swali hili kwa namna kubwa zaidi. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Rakai uliowafuatilia wanandoa 415 ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana. Dawa za kupunguza makali hazikuwapo kule wakati ule, na kumjulisha mwenzi kuliachwa kwa yule mwenye virusi. Jarida lililoyachapisha, New England Journal of Medicine, liliweka papo hapo tahariri ya Marcia Angell iliyouliza mtafiti anawiwa nini na watu anaowatazama. Wengine waliitetea kazi ile, na maarifa yake kuhusu maambukizi yamesaidia watu wengi. Mjadala haukuisha kwa upande mmoja kushinda.

Lakini mtoto kwenye mkeka si mjadala. Simamisha mahojiano, tafuta bodaboda, lipa. Kisha fanya mambo matatu: andika kwenye daftari lako kwamba umefanya hivyo, iarifu kamati, na siku ile usiendelee na maswali, ili nauli ya mtoto isigeuke bei ya ushuhuda wa mama. Walimu wanaosema mtafiti haingilii, mimi siwakubali. Umeshaingilia tangu ulipopiga hodi.

Usichoweza ni kuwa shirika. Kesho asubuhi watakuja watu sita wenye shida za kweli. Waambie ukweli, waelekeze mahali ulipothibitisha panapokea watu, na usiahidi kumkumbusha kamanda jambo ambalo hutamkumbusha.

Hatua ya 8: Sauti, karatasi na simu

Hapa nitakwenda haraka, kwa maana ni mambo ya kufuata tu. Rekodi kwa kifaa kisichounganishwa na intaneti. Usitume sauti ya mhojiwa kwa WhatsApp, hata kwa msimamizi. Toa majina siku ile ile, tumia namba, na orodha inayounganisha namba na watu iwekwe mbali kabisa na sauti, ikiwa imefungwa kwa nywila. Ukipiga picha, zima kwanza kile kipengele cha simu kinachoandika mahali ulipo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakubana wewe kama inavyoibana kampuni ya simu, pamoja na kupeleka habari za watu nje ya nchi. Programu ya bure inayogeuza sauti kuwa maandishi inaweza kuwa inaipeleka sauti ile nje, na mama yule hakukubaliana nayo.

Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "muuguzi mwanamke kutoka Rutshuru anayeishi kanda ya Juru na kuuza samaki", umemtaja. Soma kila aya kwa macho ya jirani yake, kisha kwa macho ya aliyemtesa, ambaye wakati mwingine naye anaishi humo humo.

Hatua ya 9: Msaidizi wako

Wewe utapanda basi la kwenda Kampala. Kijana aliyekutafsiria atabaki kwenye bloku ile ile, na watu watamwuliza maneno yao yamekwenda wapi, fidia iko wapi, mbona fulani alihojiwa na mimi sikuhojiwa. Ameyasikia mateso yote uliyoyasikia, mara mbili, katika lugha mbili, na mara nyingi yanafanana na yake mwenyewe. Mpe mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Mlipe siku za kupumzika kama siku za kazi. Mwulize kila jioni amelalaje jana, usubiri jibu. Jina lake liwe kwenye kazi kama analitaka, na lisiwepo kama linamhatarisha. Aamue yeye baada ya kusoma rasimu. Anayenakili sauti naye anahesabiwa hapa: anairudia sentensi ile ile ya kutisha mara saba ili alipate neno moja. Na wewe pia, tafuta mtu wa kumwambia, asiye mhojiwa wako.

Hatua ya 10: Rudi

Weka nauli ya kurudi kwenye bajeti ya kwanza, kwa sababu mwishoni haipatikani. Andika matokeo kwa Kiswahili chepesi au lugha ya mahali, kurasa mbili au tatu, bila ushuhuda wa mtu mmoja mmoja. Yasome kwa sauti mbele ya watu kabla nakala ya mwisho haijakwenda chuoni, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Acha nakala kituo cha afya, shuleni na kwa mwenyekiti.

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo nilisoma sentensi iliyosema kwamba kina mama wa kundi lile "walikimbia kutoka Rutshuru hadi mpakani Bunagana". Mama mmoja aliinua mkono. "Hatukukimbia," akasema. "Anayekimbia ana miguu miepesi. Sisi tulitembea, siku nne, na watoto mgongoni. Andika tulitembea." Wenzake wakaitikia. Nikakata neno kwa kalamu mbele yao, nikaandika walitembea, siku nne, na nakala iliyokwenda chuoni ndivyo inavyosomeka.